Sauti ya Nne

Nzembi alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya kukunia, kifuu cha nazi mkononi, nazi ikidondoka nyeupe kwenye sinia, aliposikia wimbo wake ukipita nje ya dirisha.

Hakuamini. Akasimamisha mkono. Kuna nyimbo zinazofanana, alijiambia. Dunia ina noti saba tu na watu wote wanazigombania. Akakuna mara mbili tatu zaidi. Wimbo ukaja tena, safari hii na maneno yake yote:

*Mwaka wa jana umekupwa,*
*umeacha kombe mchangani;*
*mwaka mpya unajaa,*
*miguu yetu i majini.*

"Ndio huo," akasema kwa sauti, ingawa nyumbani hakukuwa na mtu wa kumsikia. "Ni huo wangu."

Ilikuwa asubuhi ya mwaka mpya, pale Dandora. Nusu ya mtaa ilikuwa bado ushago, kwao mashambani, na nusu iliyobaki ilikuwa ikifua, kwa sababu maji yalikuwa yamerudi mferejini na hakuna mtu mwenye akili anayeyaacha maji yapite hivi hivi. Kamba za nguo zilikuwa zimejaa kutoka ukuta hadi ukuta. Mchana, katika kile kiwanja cha katikati ya nyumba ambacho vijana walikuwa wamekipamba kwa tairi zilizopakwa rangi, kwaya zingekutana kuukaribisha mwaka, na kwaya ya Nzembi ingeimba wimbo mpya. Hadi saa hiyo hakuna mtu duniani aliyepaswa kuujua wimbo huo mzima.

Hata waimbaji wenyewe hawakuujua mzima. Hapo ndipo alipokuwa ameweka akili yake yote.

Maana Pasaka iliyopita kwaya moja ya kule mtaa wa Fedha ilikuja mazoezini kusalimia, na watu wazuri kabisa, wakaleta na maandazi. Mmoja wao alikuwa amelaza simu mapajani. Siku ya sikukuu wao ndio waliopangwa kuimba kwanza, wakauimba wimbo wa Nzembi kuanzia mwanzo hadi amina. Kwaya yake iliposimama kuimba ule ule, mtu mmoja nyuma akasema, "Hawa nao wameiga." Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki: haliui, lakini kila ukimeza unajua liko.

Basi tangu Novemba alikuwa akifundisha kila sauti kwa siku yake, nyumbani kwake, mlango umefungwa na redio imewashwa kidogo kando ya mlango. Jumanne sauti ya kwanza. Jumatano sauti ya pili. Ijumaa ya tatu. Na Alhamisi, sauti ya nne, alikuja Mulama peke yake, kwa sababu besi wa kwaya alikuwa amebaki ni yeye tu. Mwenzake alihamia Kitengela na suti ya kwaya akaenda nayo. Mtu akiiba kipande, Nzembi aliwaza, ataiba mkono bila mwili. Siku yenyewe wangeunganisha asubuhi, wakaimba mchana, na kila mtu angejua wimbo umezaliwa wapi.

Ni wimbo wa bahari. Miaka mingi Nzembi aliishi Changamwe, mumewe akichonga twiga na vifaru vya kuuzia wageni, yeye na wanawake wenzake wakiwa wamekaa mstari mmoja nje ya banda, wakisugua vile vinyago kwa msasa, kisha kiwi ya kung'arishia, kisha kitambaa. Kutunga alijifunzia pale. Wanawake wote wakisugua pamoja, msasa ulikuwa ukisema *shaa*, ukinyamaza, ukisema *shaa*, na mtu yeyote akianza kuimba alijikuta ameshashikwa mkono na ule mwendo. Halafu siku ya mwaka mpya walikuwa wakifunga banda, wanabeba sufuria na watoto, wanakwenda ufuoni. Watoto wanaelea juu ya tyubu za tairi. Wanawake wanaingia majini na leso zao, wanakaa chini kwenye maji ya magoti, wanangoja wimbi liwaangushe, na wanacheka kabla halijafika.

Hicho kicheko ndicho alichotaka kukitia kwenye wimbo. Sauti tatu za juu zilikuwa zimekubali. Aliwakatia waimbaji vipande vya mti, akavizungushia msasa, vikasuguana na kusema *shaa* sawasawa. Lakini chini, pale ambapo bahari inakuinua kabla hujajua, palikataa. Alimpa Mulama neno moja, *jaa*, na Mulama akasimama juu yake kama askari wa mlangoni. *Jaa. Jaa. Jaa.* Nzembi alilibadilisha, akalirudisha, akalivuta, akalifupisha. Likabaki jaa.

Na sasa wimbo wote ulikuwa unatembea nje. Akajifuta mikono kwenye leso, akatoka.

Wanaume wanne walikuwa wakileta mabenchi ya kanisa kiwanjani. Mbele kabisa, shingo imekaza kwa uzito, alikuwa Mulama.

"Mulama!"

Benchi likasimama hewani.

"Mwalimu! Heri ya mwaka mpya!"

"Weka hilo benchi chini."

"Inuaaa, tua," wakasema wote kwa pamoja, na benchi likatua bila kishindo.

"Huo wimbo ni nani amewafundisha?"

Mulama akatazama viatu vyake. Wenzake wakamtazama yeye.

"Si ni wake, shosho?" akasema Opicho, yule mrefu aliyefunga sweta kiunoni. "Yeye ndiye anauimbanga soko mzima. Tukishusha viazi kwa lori, anaanza. Sisi tumezoea tu. Hiyo ngoma ni kali, shosho."

"Ni wa Mulama?"

"Mimi sikusema ni wangu!" Mulama akajitetea. "Nilisema ni wa mwalimu wangu. Hebu nisikilize kwanza. Wewe ulinipa *jaa*. Wiki baada ya wiki, jaa. Mtu mzima, baba ya watu, natembea sokoni nasema jaa, jaa, jaa. Waliniuliza kama nimerogwa. Nikaona heri niwafundishe na hawa, ili tukiwa wazimu tuwe wengi."

"Na maneno ya sauti ya kwanza? Hayo sikukufundisha wewe."

Mulama akaelekeza kidole njiani. Harufu ya samaki wa kukaanga ilikuwa imeshafika, na nyuma ya harufu, Adoyo, muuza samaki wa kwaya yake, beseni kichwani, akiimba sauti ya kwanza wazi kabisa, kama mtu asiye na deni na ulimwengu. Alipomwona Nzembi akaimeza noti katikati.

"Malizia," Nzembi akamwambia. "Usiiache hewani, itaoza."

"Mama Mutie..." Adoyo akamwita kwa jina la mwanawe.

"Wewe pia, Adoyo?"

Adoyo akateremsha beseni. "Mama, mimi hukaanga samaki nikiimba, hilo kila mtu analijua. Nikinyamaza wateja wanadhani samaki ni wa jana. Sasa hawa wanaume wako walikuja kula jioni moja. Mimi nikaimba yangu, Mulama naye huko kwa benchi akaanza yake. Mama! Nywele zilisimama! Kumbe ndivyo wimbo unavyokwenda! Mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Umetufundisha kama watu waliogawiwa gari: mmoja ana usukani, mwingine ana tairi, na kila mtu anaambiwa aendeshe akiwa kwake."

"Na sauti ya pili?"

"Walikuja kununua samaki," Adoyo akasema, safari hii polepole.

"Ya tatu?"

"Hao hawali samaki." Akafikiri. "Lakini wanaishi ploti moja na wale wa sauti ya pili."

Opicho akageuza uso ili acheke akiwa amewapa mgongo. Nzembi hakucheka. Aliona soko lote likiimba, na baada ya soko mtaa, na baada ya mtaa watu wa Fedha, ambao walikuwa wamealikwa na wangefika mchana na mavazi yao ya zambarau. Na yule mtu wa nyuma, hajui ni nani hadi leo, akisema tena lile neno lake.

"Basi hatuimbi huu," akasema. "Tutaimba ule wa mwaka juzi."

"Ule wa mwaka juzi kila mtu anaujua!" Adoyo akalia.

"Na huu je?"

Nzembi akarudi ndani, akafunga mlango, akakaa juu ya mbuzi, na nazi haikumwendea tena.

Haukupita muda, ukuta ukagongwa mara mbili. Hiyo ilikuwa kawaida ya Saado, jirani wa upande wa pili, muuza vitambaa: anagonga ukuta kwanza ili ujue anakuja, kisha anakuja kabla hujasema njoo.

"Abaayo, dada yangu, heri ya mwaka wenu."

"Ni wetu sote, Saado. Kalenda ni moja."

"Sahani yako hii, nimekaa nayo tangu Krismasi. Unisamehe. Lakini haingerudi tupu. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha hayo."

Ilikuwa ile sahani ya maua ya buluu, imefunikwa kwa sahani ya Saado. Nzembi aliipokea kwa mikono miwili. Na ni kweli yeye ndiye aliyeleta desturi hiyo katika ploti hii, ingawa hakuizaa. Aliipata Changamwe, kwa Bi Mishi, aliyekuwa akimpelekea futari mwezi wa Ramadhani. Mara ya kwanza kabisa, Nzembi, msichana aliyetoka juzi Ukambani, aliiosha sahani ikang'aa, akairudisha kwa adabu zote. Bi Mishi akaigeuza, akaitazama chini, akaitazama juu. "Mwanangu," akasema, "sahani ikirudi tupu inanikodolea macho. Tia chochote. Tia hata chumvi."

Nzembi akafunua. Mbaazi za nazi.

"Umepika mbaazi?"

"Ni zako. Ulizoniletea Krismasi. Nilikula, nikazifikiria, nikajaribu. Onja."

Akachota kwa kijiko. Tui lilikuwa lake, na ule utaratibu wa kuziacha mbaazi zilainike bila kupondeka ulikuwa wake. Kisha, alipokwisha kumeza na kudhani ameshamaliza, kikaja kitu kingine kutoka chini, chenye joto, kikipanda polepole: iliki, na bizari ile anayoisaga Saado mwenyewe, na pilipili iliyokuwa imejificha nyuma ya vyote kama mtoto nyuma ya pazia.

"Umeziharibu," akasema Nzembi. Akachota tena. "Umeziharibu kabisa." Akachota tena.

"Kwa hivyo nisizipike hivyo tena?"

"Nimesema hivyo mimi?"

Saado akacheka, akajikalia kitandani bila kukaribishwa. "Sasa niambie, mbona wale wa nje wamenyamaza? Mimi wimbo wako nimeusikia vipande vipande tangu Novemba. Ukuta huu ni karatasi. Jumanne wale wembamba, Jumatano wale wa kulalamika, Alhamisi yule wa jaa. Watoto wangu wanamwita Bwana Jaa. Nikipiga pasi vitambaa vyangu nikawa naviunganisha vipande vya wimbo kichwani, kimoja juu ya kingine, na haviungani. Nikasema nitakufa sijausikia. Leo asubuhi, nje hapo, vimeungana vyenyewe. Nikaiacha pasi, nimeunguza mtandio wa watu."

"Wameuimba vibaya."

"Sijui mimi vibaya ni nini. Lakini kuna kitu pale chini ambacho Alhamisi hakikuwepo."

"Kitu gani?"

Saado akanyoosha mikono kana kwamba amebeba sinia, akaipandisha, akaishusha. "Hivi. Kinakuinua. Halafu kinakuweka."

Nzembi akatega sikio. Nje, wale wanaume walikuwa wamerudia kazi, taratibu, kwa kunong'ona, kama watu wanaobeba mabenchi msibani. Hawakuthubutu kuimba maneno. Kilichobaki midomoni mwao kilikuwa kile cha chini tu, kile walichokiweka wao wenyewe mahali pa jaa, bila kuomba ruhusa, kwa sababu ndicho walichokuwa nacho:

*Inuaaa... tua. Inuaaa... tua.*

Aliisikiliza ikija, ikipanda hadi pale uzito unapobebwa na wote na hakuna anayeusikia, ikikaa hapo kidogo, ikishuka. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuiona bahari. Nzembi alifumba macho, na maji ya magoti yakampata akiwa amekaa juu ya mbuzi, Dandora, leso yote ikiwa kavu.

Akacheka kabla wimbi halijafika.

"Nishikie kijiko," akamwambia Saado, akavuta mfuko wa vipande vya msasa uliokuwa chini ya kitanda.

"Fanyeni tena," aliwaambia wale wanaume alipofika kiwanjani.

"Tena nini, shosho?" Opicho akauliza. "Mabenchi yameisha."

"Chukueni lile. Lirudisheni lilikotoka."

Wakatazamana. Wakalichukua. Na mtaa mzima uliokuwa ukifua uliacha kufua ukatazama: wanaume wanne wanazungusha benchi tupu kiwanjani, na pembeni yao mama mwenye mvi anatembea nao hatua kwa hatua, sikio limeinama, kipande cha msasa kikisugua kingine, *shaa*.

"Mnapoinua, pumzi mnavuta kabla au baada?"

"Kabla," akasema Opicho. "Ukivuta baada mgongo unakufa."

"Na hapo juu, kabla hamjatua, mnangoja nini?"

"Tunangojana tu."

"Mulama, umesikia? Hapo ndipo nilipokuwa nakuharakisha. Adoyo, leta sauti yako! Iweke juu yao, usiwakanyage."

"Samaki wangu je?"

"Samaki ameshakufa, hatakwenda popote!"

Wakaja wa sauti ya pili, mikono ina povu la sabuni. Wakaja wa ya tatu, kutoka ploti ile ile. Mulama, jasho likimtiririka, akauliza kwa woga kidogo, "Kwa hivyo, mwalimu, jaa imekufa?"

"Imekufa. Izikeni."

Mulama alicheka kama mtu aliyetolewa kiatu kinachombana.

Mchana kiwanja kilijaa. Watu wa Fedha walifika na zambarau yao, wakakaa nyuma kabisa. Ndeti, mzee wa kanisa aliyeshika kipaza sauti, alisoma salamu hadi watoto wakaanza kulala. Kwaya ya Nzembi iliposimama, Opicho alikuwa katikati ya besi, amevaa joho la kuazima lililomwishia magotini.

Adoyo akamsogelea Nzembi. "Mama Mutie, wale wameshatoa simu. Niende niwaambie waziweke?"

Nzembi akatazama. Kweli, kule nyuma mikono ilikuwa imeinuka tayari, simu zikimulika. Mwiba ukajisogeza kooni. Akasimama na vipande vyake vya msasa, kiwanja chote kikimngoja, kisha akateremka katikati ya mabenchi, akaenda moja kwa moja hadi kwao.

"Mtarekodi?"

Simu zikashuka. "Tulikuwa tunapiga picha tu, mama," msichana mmoja akasema.

"Picha haziimbi. Inukeni mje mbele. Huku nyuma sauti ya nne haifiki, na bila hiyo mtabeba nusu." Wakabaki wamekaa, hawajui kama wanagombezwa. "Njooni, nimesema. Mkishaupika kwenu, mturudishie na sisi tuonje."

Wakainuka, zambarau yote, wakaja mbele wakiwa wameinamisha vichwa, watu wakiwapisha.

"Wimbo huu umetungwa na nani?" Ndeti akauliza kwenye kipaza sauti.

"Umetungwa na Nzembi," akasema Nzembi mwenyewe, bila aibu, "na hawa waliobeba hilo benchi ulilolikalia."

Watu wakacheka. Ndeti akainuka nusu, akalitazama benchi, akakaa tena kwa heshima zaidi.

Kisha msasa ukasema *shaa*.

Sauti ya kwanza ikaingia, na ya pili, na ya tatu, kila moja ikiitazama nyingine kama watu wa ukoo waliokutana arusini. Na chini yao wanaume wanne wakavuta pumzi. *Inuaaa.* Mlangoni kwake Saado alisimama na wanawe, na mdogo akapiga kelele kiwanja kizima kikasikia, "Bwana Jaa hasemi jaa!" Hakuna aliyemnyamazisha. Kufikia ubeti wa pili watu walikuwa wakiinuka kidogo kutoka mabenchini na kukaa, kuinuka na kukaa, safu moja baada ya nyingine, hakuna aliyewaambia. Pale mbele, yule msichana wa Fedha alikuwa ameshika simu mkononi na ameisahau. Ilikuwa ikirekodi viatu vyake. Sauti ya nne ilipoanza kupanda tena alimshika mwenzake mkono, akacheka, na wimbi lilikuwa bado halijafika.

Watu walipotawanyika jua lilikuwa bado linachoma mabati. Nzembi alirudi nyumbani, akavua viatu, akaona nazi ya asubuhi imebaki nusu ndani ya kifuu. Mezani ilikuwa ile sahani ya Saado, ya kufunikia, imeachwa. Akaiosha, akaipangusa, akaiweka karibu. Akakaa juu ya mbuzi akaanza kukuna.

Mkono ukashika mwendo. Na ndani ya mwendo, kama kawaida, kikaja kijistari, maneno machache tu na noti zao, bado kibichi. Siku nyingine angeinuka akafunge dirisha. Aliinuka. Akakisukuma kibao cha dirisha hadi mwisho, kikagonga ukuta, akaimba ule mstari mara moja kuelekea mfereji, sauti ya kwanza peke yake, akauacha hapo ulipoishia.

Akasimama na kifuu mkononi.

Nje, maji yaliendelea kuanguka ndani ya ndoo. Kisha mtu mmoja, hakumwona ni nani, akafunga mfereji, kama mtu anayetaka kusikia.